Jibu: Gati ya Wete, mwekezaji ajenge na SMZ isitoe kitu?

Asalaam aleykum. Mwenzetu ameuliza kwa nini gati mpya ya abiria Wete, Pemba, asipewe mwekezaji ajenge kwa fedha zake, SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) isitoe hata shilingi. Ndugu yangu, mwekezaji anatanguliza fedha tu. Wenye kulipa ni abiria au Hazina, labda apatikane mfadhili.

Tufanye gati ya mfano ya dola milioni 10: mwekezaji anaweka milioni 3, benki inamkopesha 7 kwa riba ya 9%, miaka 15. Rejesho ni kama dola 868,000 kwa mwaka. Benki itataka mapato, yakishatolewa gharama, yazidi rejesho hilo, tuseme mara 1.3, yaani milioni 1.13. Ongeza uendeshaji na matengenezo 300,000. Abiria wakiwa 400,000 kwa mwaka, kila mmoja anabeba dola 3.57, dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni karibu 9,000 juu ya nauli ya boti. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na mtu wa kumsindikiza, wakitozwa kupanda wakienda na kushuka wakirudi, ni 36,000 kabla ya tiketi.

Sasa abiria wapungue 20%. Kinachobaki baada ya gharama ni kama dola 843,000. Rejesho halifiki, na mwekezaji mwenyewe hajapata faida. Hapo ndipo anapoomba dhamana ya idadi ya chini ya abiria, pengo lijazwe na Hazina. Hilo ni deni hata kama siku ya kusaini halionekani kwenye hesabu za deni la serikali. Wawakilishi wetu waulize mambo mawili: ukomo wa dhamana kwa mwaka ni kiasi gani, na abiria wakizidi makadirio, ziada inagawanywa vipi? Anayekataa kugawana ziada asipewe dhamana.

Na sarafu. Tozo ni ya shilingi, mkopo wa dola. Dola ikipanda kutoka 2,500 hadi 2,750 na tozo isibadilike, ile mara 1.3 ya rejesho inashuka hadi kama 1.18, bila ya abiria hata mmoja kupungua.

Kwa maoni yangu, SMZ ibebe kuchimba kina cha mlango wa bandari na fidia za ardhi, mwekezaji ajenge gati na jengo la abiria. Sehemu ya serikali ikiwa milioni 4 kati ya zile 10, tozo inashuka hadi kama shilingi 6,100. Fidia zimalizwe kabla ya kusaini, kwa sababu mkandarasi akisimamishwa na mgogoro wa kiwanja, anadai alipwe siku alizokaa bila kazi.

Kuna miradi ambayo hesabu hii haiibebi kabisa. Waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga hadi Pemba, kama kilomita 78, uliwashwa 2010 kwa msaada mkubwa wa Norwei. Watumiaji wa Pemba wasingeweza kuulipa kwa bili zao. Unguja nako, baada ya kukaa giza karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, waya wa pili wa megawati 100 ulipatikana 2013 kwa ruzuku ya Marekani.

Kwa gati, mkataba uweke akaunti ya matengenezo inayojazwa kila mwezi kabla ya gawio la wanahisa. Ikiachwa mwisho, nguzo zinaliwa na chumvi na mwekezaji anakabidhi gati bovu muda ukiisha.