Lisbon siku mbili, pochi moja

Mimi na shoga yangu tuliwahi kununiana wiki tatu kwa ajili ya euro 11. Ilikuwa safari yetu ya kwanza pamoja, mji wenyewe nauacha. Mimi nililipa pizza nikijua yeye atalipa teksi. Yeye akalipa kahawa mara mbili akijua tumeshatoshana. Hakuna aliyefungua mdomo. Yeye ni wa Tanga, mimi wa Mombasa, na sote tumelelewa kwamba kumdai mwenzio pesa ya chakula ni aibu kuliko kulala na njaa. Basi tukarudi Köln, Ujerumani, tunakoishi, kila mmoja na hesabu yake kichwani na salamu za mkato.

Safari ya pili ilikuwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mwezi wa Februari, Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku. Sote wawili bado tuko kwenye mafunzo ya uuguzi, na posho ya mafunzo mnaijua. Mnaponiuliza tunawezaje kusafiri kwa posho hiyo, nadhani mnangoja jina la tovuti ya tiketi rahisi. Jibu langu ni pochi.

Tulinunua kipochi cha zipu, kila mmoja akatia euro 70 taslimu. Nauli za mjini, chakula, choo cha kulipia, vyote vinatoka humo, na hakuna kuuliza nani kala zaidi. Zawadi na vipodozi ni mfuko wako mwenyewe. Ikiisha imeisha, tunakula mkate. Halafu tukaongeza sharti moja: kila mmoja ataje jambo moja analolitaka kwelikweli, na mwenzake atafuata bila kununa. Yeye alitaka kula samaki ameketi kwenye meza yenye kitambaa. Mimi nilitaka kuliona kaburi la Vasco da Gama. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini sharti ni sharti.

Tiketi za ndege tulikata wiki saba mapema, euro 61 kila mmoja kwenda na kurudi. Bei kama hiyo ni ya kiti na mkoba mmoja mdogo unaoingia chini ya kiti cha mbele, basi. Upime mkoba kwa futi ya fundi cherehani, si kwa jicho. Yapo mashirika yenye kipimo cha sentimita 40 kwa 30 kwa 20, na magurudumu yanahesabiwa. Safari ile ya kwanza mwenzangu alitozwa getini pesa iliyokaribia nauli yenyewe. Safari hii alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na mifukoni mna chaja, sabuni na krispi za mhogo alizotumiwa na mamake. Alipita akitembea kama pengwini.

Sisi wenye pasipoti za Kenya na Tanzania tuna kazi ya ziada. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hadi siku 90 katika kila siku 180, lakini pasipoti nayo iwe mkononi. Kikadi peke yake hakitoshi. Na baadhi ya mashirika ya bei nafuu humtaka asiye raia wa Ulaya apite kwanza kaunta akaguliwe hati, hata kama tiketi iko kwenye simu. Soma yale maandishi madogo ya chini, yule unayemwona anakimbia uwanjani huwa hakuyasoma. Ninyi mnaoishi Uingereza, kibali chenu cha ukaazi cha huko hakina nguvu Schengen. Viza ni euro 90 kabla hata ya tiketi, kwa hiyo pigeni hesabu upya.

Chumba tulipata hosteli moja mtaa wa Anjos, vituo vichache tu kutoka katikati ya mji. Kitanda cha bweni kingetupunguzia euro tisa kwa usiku, na kwa euro tisa mimi napendelea kufunga mlango, nivue mtandio, nilale. Jambo ambalo halikuwemo katika bei ya mtandaoni ni kodi ya mji: euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku. Kwetu zikatoka euro 16 pale pale mapokezi, hatujanywa hata maji.

Teksi ya kutoka uwanja wa ndege huihitaji. Uwanja uko mjini kabisa na treni ya chini ya ardhi inafika hapo hapo: njia nyekundu hadi Alameda, halafu unahamia ya kijani. Kadi ya usafiri inaitwa navegante, inauzwa nusu euro kwenye mashine, na kila mtu lazima awe na yake. Sisi tulijaribu kubana nusu euro. Nikapita, kadi ikakataa mara ya pili, mlango ukajifunga. Mimi ndani, yeye nje, tukatazamana kama watu waliotembeleana rumande. Tiketi ya siku nzima, kama euro 7, inahesabu saa 24 tangu unapoigusisha mara ya kwanza, haiangalii tarehe. Ukiianza Jumamosi saa nne asubuhi, inakubeba hadi Jumapili saa nne.

Kila mtu atakwambia upande tramu namba 28. Mimi nakwambia uifuate kwa miguu. Foleni yake pale Martim Moniz ni ndefu, ndani mmebanana kama matatu ya Likoni saa kumi na mbili jioni, na wezi wa mifukoni wanajua kuliko wewe mahali simu yako ilipo. Tulipanda kilima cha Graça polepole hadi Senhora do Monte, ambako unauona mji wote na mto Tejo bila kulipa kitu. Ila viatu! Njia za miguu zimetandikwa mawe madogo meupe yaliyosuguliwa na nyayo miaka nenda miaka rudi, na mvua ikinyesha yanateleza kama sakafu ya bafu. Mwenzangu alikuja na viatu vya soli laini kwa sababu vinatoka vizuri kwenye picha. Tulipoteremka mtaa wa Alfama alishikilia ukuta kama anayejifunza kutembea.

Sasa chakula, maana hapo ndipo pochi inapovuja. Usiku wa kwanza tuliketi mahali penye taa nzuri. Kabla hatujaagiza, mhudumu akaleta mkate, siagi, zeituni na kipande cha jibini. Kwetu mtu akikuletea kitu hujaomba, huo ni ukarimu, na kukataa ni utovu wa adabu. Tukala. Tukazimaliza zeituni, tukapanga kokwa ukingoni mwa sahani, tukasifu Wareno kwa roho safi. Bili ilipokuja, hivyo vitu vilikuwa na mstari wao, couvert, euro 7.40. Hakuna aliyetuibia, ndio utaratibu wao: ukigusa umenunua. Usipotaka, mwambie aondoe mapema, “não, obrigada” ukiwa mwanamke, “obrigado” ukiwa mwanamume, wala hatanuna. Mwenzangu alizihesabu zile kokwa mara mbili, nafikiri akitafuta bei ya zeituni moja.

Tangu hapo tulijipanga. Chakula kikubwa tulikula mchana, si usiku, katika vile vijumba vya kula vinavyoitwa tasca, vyenye karatasi dirishani iliyoandikwa kwa mkono “prato do dia”, chakula cha siku. Euro 9 au 10, unapata samaki wa kuchoma, viazi na saladi. Kitambaa cha meza kilikuwa cha karatasi. Akakipapasa, akasema kitambaa ni kitambaa, sharti limetimia. Usiku ilikuwa mkate na tunda kutoka dukani, na maji ya bomba, yananyweka. Wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza, maana anaingia hata kwenye supu; ile mikate yao ya bifana ni yeye mtupu. Karibu na Martim Moniz kuna Rua do Benformoso, mtaa wa maduka na mikahawa ya Wabangladeshi, wenye nyama ya halali na harufu ya biriani inayokupata kabla hujakata kona.

Kahawa unywe umesimama kaunta. Ukienda kuketi nje, mara nyingi bei inapanda. Inaitwa bica, nyeusi, kikombe kidogo. Nilipoinywa nilikumbuka wauza kahawa chungu wa Mji wa Kale, mabuli yao na vifinjani, ila hapa hakuna kashata.

Mtaa wa Belém, liliko kaburi langu la Vasco da Gama, tulikwenda Jumamosi kwa tramu namba 15. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, kwa fedha za biashara ya viungo. Watalii wengi hulipia kuona ua wa ndani. Tulipokwenda, kanisa lenyewe kuingia lilikuwa bure, na kaburi limo kanisani, karibu tu na mlango. Jamaa amelala juu ya jiwe, amechongwa ndevu na mikono imekutanishwa kifuani kama anayeomba, na ubavuni mwa kaburi mmechongwa jahazi lenye matanga.

Mimi nimekulia dakika kumi kwa miguu kutoka Fort Jesus, ngome ya Wareno pale Mombasa. Shuleni tuliimbishwa tarehe: Aprili 1498 akafika Mombasa, akaona hapakaliki, akasonga Malindi, na huko akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenzake wakarudi na mizinga, ngome ikaanza kujengwa 1593, na kuwatoa ikabidi Waomani waizingire karibu miaka mitatu, hadi 1698. Nilidhani nitasikia hasira. Nikajikuta nasoma kibao cha mlangoni: igreja, kanisa. Ndilo neno lililotupa sisi “gereza”. Nikamwambia mwenzangu. Akatazama zile nguzo, akatazama foleni nje, akasema, “Kumbe tumepanga foleni ya gerezani kwa hiari yetu.” Tulicheka hadi mlinzi akatugeukia. Siku nzima iliyobaki tukawa tunakamata maneno kama watoto wanaokamata kumbikumbi: mesa, meza, bandeira, bendera, vinho, mvinyo, na kitandani hosteli, fronha, foronya. Mchezo huo haukugusa pochi, na tuliucheza hata kwenye foleni ya vile vitobosha vya maziwa na mayai, pastéis, wanavyounguza juu kidogo kisha wewe unanyunyiza mdalasini. Kununua kula njiani ilikuwa foleni fupi kuliko kuketi.

Jumapili tulipanda feri kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas, ng'ambo ya mto. Dakika kumi hivi, nauli ndogo kuliko kahawa mbili, na unauona mji wote kilima kwa kilima. Kuna matembezi ya boti ya watalii majini hayo hayo kwa bei mara kumi. Mimi niliyezoea feri ya Likoni siwezi kulipa pesa hizo kukaa juu ya feri. Tulikaa gatini Cacilhas hadi jua lilipoanza kushuka nyuma ya daraja, tukimalizia krispi za mhogo, kisha tukarudi kuchukua mikoba.

Ndani ya ndege alifungua pochi mapajani akahesabu. Zilibaki euro 6.35. Tatu na senti kumi na saba zangu, tatu na senti kumi na saba zake, na senti moja ikatushinda. Tuliiacha humo. Imekuwa mchango wa kwanza wa safari ijayo, Porto.