Canter zangu mbili na mvua ya Desemba

SWALI: Habari fundi. Nina Canter mbili zinatoa mahindi Kibaigwa kuleta Dodoma mjini, msimu uliopita moja ilikwama kwenye tope siku mbili. Saivi niandae nini kabla mvua haijaanza?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Anza na tairi, chungulia kwenye mifereji yake utaona vinundu vidogo, tairi ikilika ikawa sawa na hivyo vinundu ujue imebaki milimita 1.6 tu, mi sisubiri ifike huko, kwenye 3 natoa. Waipa zimekaangwa na jua kiangazi kizima, badilisha tu usibishane. Turubai litandaze juani uingie chini yake, ukiona nuru inapenya basi hapo ndo mahindi yataota (mimi yaliniotea gunia nne, acha tu). Sepetu na kamba ya kuvutia visikose. Halafu dereva umwambie kabisa, korongo likijaa asiingie hata kama wenzake wanapita, maji yakivutwa hadi kwenye silinda hayabanwi kama hewa, konrodi (kile chuma kinachounga pistoni na kranki ndani ya injini) inapinda na hapo unatafuta injini nyingine.