Nazi ilisingiziwa, chumvi ikabaki mezani

Mama alipopata kiharusi, ndugu walianza na nazi. Shangazi alitoa hukumu pale pale wodini: tui marufuku, samli marufuku. Hakuna aliyeuliza habari za ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, wa kila jioni, wala vidonge vya presha ambavyo mama aliviacha kila alipojisikia nafuu.

Sisemi nazi haina lawama. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni yale yanayoganda, nayo hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya kalori zetu. Anayekula kalori 2,000 hapo ana kama gramu 22 kwa siku, na kikombe kimoja cha kasimile, lile tui zito la kwanza, hupita kwa mbali.

Ila kwa kiharusi mambo hayajanyooka hivyo. Utafiti wa PURE uliochapishwa mwaka 2017, wa nchi 18, Zimbabwe ikiwamo, ulikuta waliokula zaidi mafuta hayo wakipata kiharusi kidogo zaidi. Isiwe ruhusa ya kukaanga kila kitu! Utafiti wa namna hiyo huangalia tu watu wanavyoishi, na aliyekula mafuta kidogo mara nyingi ndiye aliyejaza sahani wanga. Kinachoongoza kuleta kiharusi, cha mshipa kuziba au kupasuka, ni presha.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa nyumbani, anza na mashine ya kupimia presha. Kisha chumvi: isifike gramu 5 kwa siku, chini kidogo ya kijiko cha chai, na ile iliyomo kwenye ng'onda na vidonge vya kukoleza mchuzi uihesabu. Sisi tulihamia samaki wabichi, ndimu na pilipili. Mama alinuna, kisha akazoea, nusu nusu.

Nazi tuliipunguza tu. Mchuzi wa kila siku ni wa tui la pili. Kasimile inangoja wageni. Kukaangia ni alizeti, ambayo mafuta yanayoganda ni kama asilimia 10 tu. Na ukipunguza tui, pengo usilizibe kwa chapati ya pili; ongeza kunde, choroko, mchicha.

Vidonge vya presha daktari akisema ni vya kila siku, mpe kila siku, hata mashine ikisoma vizuri, 120/80. Imesoma hivyo kwa sababu anavimeza.