Kupiga simu na kusikiliza meseji garini bila kushika simu: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanahusu mfumo wa gari unaoungana na simu kwa Bluetooth ili dereva apige, apokee na asomewe meseji bila kushika kitu. Mengi ya matatizo haya hutibika kwa dakika chache, mradi gari limeegeshwa. Magari mengi hufunga menyu ya kuoanisha simu, yaani kuitambulisha kwa gari mara ya kwanza, mara tu magurudumu yanapoanza kuzunguka, na yana haki ya kufanya hivyo.

Muziki wa simu unatoka vizuri kwenye spika za gari, lakini mtu akinipigia sauti yake inatokea kwenye simu yenyewe. Mbovu ni gari au simu?

Mara nyingi hakuna kibovu, ni mipangilio ya simu. Unapoona neno "imeunganishwa", nyuma yake kuna njia kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja: moja inabeba muziki, ya pili mazungumzo, ya tatu orodha ya majina, ya nne meseji. Kila njia hufunguliwa na kufungwa peke yake. Kwako ya muziki iko wazi, ya mazungumzo imefungwa.

Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Vifaa vilivyounganishwa, halafu gusa alama ya gia iliyo kando ya jina la gari. Utakuta swichi ya simu, ya sauti ya muziki na ya majina. Washa ya simu. Kwenye iPhone swichi hiyo haipo. Huko angalia mipangilio ya ufikivu, sehemu ya mguso, mahali panapochagua sauti ya simu ipitie wapi. Pakiwa pamewekwa spika, rudisha kwenye otomatiki.

Ikishindikana, futa muungano na uoanishe upya. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanafuta upande mmoja tu. Ufunguo wa siri wa muungano huhifadhiwa kwenye simu na kwenye gari pia, kwa hiyo ukiufuta simuni peke yake, gari linabaki na ule wa zamani na hazielewani tena. Futa jina la gari kwenye simu, futa jina la simu kwenye gari, zima simu na uiwashe. Kisha zima gari, fungua mlango wa dereva na usubiri skrini ife kabisa. Redio ya gari ndiyo yenye mfumo huu, na nyingi hubaki zimewaka kwa muda hata ufunguo ukishatolewa, na ukiwasha upesi unakuta hitilafu ileile ingali kwenye kumbukumbu.

Unapooanisha upya, tarakimu sita zitatokea kwenye skrini zote mbili. Hakikisha zinafanana ndipo ukubali. Magari ya zamani huomba 0000 au 1234. Baada ya hapo usiondoke haraka. Simu itaomba ruhusa ya kulipatia gari majina na meseji, na ombi hilo mara nyingine hujificha kwenye arifa za juu bila kulia. Usipolijibu, utarudi kwetu na swali linalofuata.

Kama gari linakataa simu mpya bila kueleza sababu, hesabu majina yaliyomo kwenye orodha yake. Redio hukubali idadi maalumu ya simu, na orodha ikijaa lazima moja itoke.

Napokea simu vizuri tu, ila gari haliniambii meseji ikiingia. Mwenzangu mwenye gari la aina hiyohiyo anasomewa.

Njia ya meseji ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kwenye iPhone, nenda kwenye Bluetooth, gusa alama ya i kando ya jina la gari na uwashe sehemu ya kuonyesha arifa. Kwenye Android, rudi kwenye ile gia na utafute ruhusa ya meseji. Kama haionekani, futa muungano pande zote mbili ili ombi lije tena. Kisha zima gari na uliwashe, kwa sababu redio nyingi husoma ruhusa hizi pale tu muungano unapoanza.

Kama ruhusa zote zipo na bado kimya, uliza ni meseji za aina gani. Bluetooth peke yake hubeba SMS. Meseji za WhatsApp hazipiti njia hiyo, na hata mazungumzo ya programu ya meseji ya Android yanayopitia intaneti badala ya SMS hupotea kwenye magari mengi. Huenda mwenzako anaandikiwa kwa SMS nawe unaandikiwa kwa WhatsApp, basi.

Kwa WhatsApp unahitaji gari lenye CarPlay (kwa iPhone) au Android Auto (kwa simu za Android). Hapo simu ndiyo inayoendesha skrini ya gari, na programu za mazungumzo zinaruhusiwa kuingia. CarPlay haifanyi kazi ikiwa Siri, msaidizi wa sauti wa iPhone, imezimwa. Android Auto imo ndani ya simu yenyewe tangu Android 10, ila inategemea arifa: mazungumzo uliyoyanyamazisha, au programu uliyoizuia kutoa arifa, hayatasomwa. Na kama unaunganisha kwa waya, usitumie waya wowote uliookota. Kuna nyaya za kuchajia tu, zisizopitisha data, na simu itajaa chaji huku skrini ya gari ikikaa tupu. Chagua waya mfupi usiozidi mita 1, na uchomeke moja kwa moja bila kiungo cha kati.

Jambo moja kuhusu kujibu: iPhone iliyounganishwa kwa Bluetooth tu huliruhusu gari kusoma meseji, lakini kitufe cha kujibu cha gari hakitafanya kazi. Jibu kwa Siri.

Kila ninayeongea naye analalamika kwamba anajisikia mwenyewe. Mimi namsikia vizuri kabisa.

Anayesikia mwangwi wa sauti yake, kasoro iko upande wa pili. Kwa hiyo hapa kasoro iko ndani ya gari lako. Sauti yake inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maikrofoni yako na kumrudia. Mfumo una kazi ya kuifuta sauti hiyo kabla haijarudi, lakini hushindwa spika zikiwa juu mno. Punguza sauti ya gari mazungumzo yakiwa yanaendelea. Tunasisitiza wakati huo, kwani sauti ya simu ina kiwango chake, mbali na cha muziki, na ukipunguza simu ikiwa imekatwa unapunguza muziki tu.

Halafu itafute maikrofoni. Iko karibu na taa ya dari, kwenye fremu ya kioo cha kati, au juu ya nguzo ya usukani. Ni tundu dogo au kijiwavu chenye matobo. Angalia kama tundu la kiyoyozi linaipulizia. Upepo unaoelekezwa kwenye kioo cha mbele huparuza maikrofoni ya dari hata kama wewe husikii kitu, na ndio chanzo cha lile lalamiko lingine la "unasikika kama uko kwenye dhoruba".

Kama redio si ile iliyotoka na gari, shuku ufungaji. Redio hizi huja na maikrofoni ya waya mwembamba inayotakiwa kubandikwa juu ya nguzo ya usukani au kwenye nguzo ya kioo cha mbele, kati ya sentimita 30 na 60 kutoka mdomoni. Mafundi wenye haraka huiacha nyuma ya dashibodi, au huichomeka kwenye tundu la kuingizia muziki, na redio inaishia kutumia kimaikrofoni kilicho usoni mwake, bega kwa bega na spika. Hapo hakuna mpangilio utakaosaidia. Lazima dashibodi ifunguliwe.

Jaribio zuri ni hili. Egesha, washa injini, funga vioo, zima feni, mpigie mtu aliye mbali na gari. Kisha ongeza kitu kimoja kimoja: feni ya chini, feni ya juu, kioo kimoja wazi. Atakuambia ni wapi palipoharibika. Kama ni sauti nyembamba tu, isiyo na mwangwi, huenda hakuna hitilafu. Mifumo ya zamani hupima sauti ya mazungumzo mara 8,000 kwa sekunde na ya karibuni mara 16,000, wakati muziki hupimwa zaidi ya mara 40,000. Simu garini haitasikika kama wimbo.

Naliamuru gari limpigie mtu, linampigia mwingine. Na likisoma meseji ya Kiswahili siambulii neno.

Sauti ya gari lako haijui Kiswahili. Inasoma "nitachelewa" kwa herufi za Kiingereza, na inalisikia jina "Nyamizi" kwa sikio hilohilo. Kwanza jua unaongea na nani. Kwenye magari mengi, kubonyeza kitufe cha usukani mara moja huamsha msaidizi wa gari, na kukishikilia sekunde mbili huamsha msaidizi wa simu, yaani Siri au wa Google. Huyu wa simu karibu siku zote ana sikio zuri zaidi. Subiri mlio ndipo uanze kusema. Anayeanza kabla ya mlio hukatwa silabi za mwanzo, na jina likikosa kichwa linafanana na la mtu mwingine.

Kisha safisha orodha ya majina. Ondoa vikatuni na alama za mapambo. Majina mafupi yanayofanana, kama Asha, Aisha na Isha, yape neno la pili: "Asha Kazini", "Aisha Dada". Majina yaliyohifadhiwa kwenye laini badala ya simu huenda yasihamie kabisa kwenye gari, kwa hiyo yahamishe. iPhone ina sehemu ya kuandika jinsi jina linavyotamkwa. Andika humo tamko ambalo Siri ataliweza, hata kama linaonekana la ajabu kwa macho. Kwa watu watano au sita unaowapigia kila siku, waweke kwenye vipendwa na uachane na sauti.

Kwa meseji, ushauri wetu ni kutotegemea imla. Mifumo mingi ina majibu mafupi yaliyoandikwa tayari, na mengi huruhusu uyaandike yako. Andika kwa Kiswahili: "Naendesha, nitakupigia nikifika." Linatumwa kama lilivyo, bila kusikilizwa wala kutafsiriwa na mashine. iPhone pia ina hali ya udereva inayotuma jibu kama hilo yenyewe kwa watu uliowachagua.

Mimi na mke wangu tukiwa wote garini, gari linachukua simu yake badala ya yangu.

Weka simu yako kuwa ya kipaumbele kwenye menyu ya simu ya gari. Kama menyu haina kipengele hicho, mke wako azime Bluetooth kabla gari halijawashwa, kisha aiwashe yako ikishashika. Magari mengine hupokea simu mbili kwa pamoja, ila orodha ya majina inayoonekana ni ya moja.

Je, kuongea bila kushika simu ni salama kweli?

Ni afadhali kuliko kushika, lakini si salama kama kunyamaza. Mikono iko huru, macho yako mbele, akili iko kwa unayeongea naye. Mwaka 2015 taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba baada ya kuamuru kwa sauti, akili ya dereva inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi kikamilifu barabarani, kwa ile mifumo iliyo migumu zaidi kutumia. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni mita 375. Mnamo 2011 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za vyombo vya usafiri ilikwenda mbali zaidi na kupendekeza madereva wakatazwe simu hata zisizoshikwa.

Sisi tunasema hivi: pokea, sema unaendesha, maliza kwa dakika moja. Usiguse kitu kwenye makutano, mvuani, au mahali penye watoto. Mazungumzo ya ugomvi, hesabu au msiba yaahirishwe hadi ukiegesha. Gari likishindwa kukuelewa mara mbili, achana nalo. Jaribio la tatu ndilo linalokufanya uitazame skrini.

Gari langu halina Bluetooth. Ninunue nini?

Kama redio ina tundu la milimita 3.5, chukua kipokezi cha Bluetooth chenye maikrofoni. Ukisikia mvumo unaopanda na kushuka na injini pale unapokichaji, ni umeme wa chaji na wa redio unaozunguka kwenye waya wa sauti. Kichujio kidogo kinachowekwa katikati ya waya huo huumaliza. Bila tundu hilo, kifaa cha kubana kwenye kile kikinga jua kilicho juu ya kioo cha mbele, chenye spika na maikrofoni yake, ndicho bora kwa simu kwa sababu kiko karibu na mdomo. Vile vinavyochomekwa kwenye tundu la kiberiti na kurusha sauti kwa FM viwe chaguo la mwisho: maikrofoni iko chini karibu na gia, na masafa uliyochagua hukutana na kituo cha redio ukisogea.

Nauza gari. Kufuta simu yangu kwenye orodha kunatosha?

Hakutoshi daima. Redio hunakili majina, namba ulizopiga na mara nyingine meseji, na nakala inaweza kubaki. Tafuta kwenye mipangilio ya gari sehemu ya kurejesha hali ya kiwandani, ifanye injini ikiwa inawaka ili umeme usikatike katikati, kisha fungua orodha ya simu uone kama ni tupu. Futa pia anwani ya nyumbani kwenye ramani. Simuni nako lifute gari. Kwa gari la kukodi usioanishe kabisa kama huna haja, na ukitaka chaji tumia tundu la kiberiti badala ya USB ya redio. Likatae pia ombi la majina iwapo litatokea.