Nota za ganuni papo hapo
Ami, umeuliza kama ipo programu ya kukuandikia nota huku unapiga ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Kwa kibodi ya MIDI (kinanda cha kuunganisha na kompyuta) ipo, tena bure: MuseScore. Washa metronomu (kigonga mapigo), piga polepole. Ukianza kuremba tu, haiandiki sawasawa.

Ganuni kwa maikrofoni ni kazi nyengine. Uzi mmoja haujanyamaza, mwengine ushalia juu yake, na programu nyingi zinajua sauti 12 za piano tu. Robo sauti, ile inayoangukia katikati ya vibonye viwili vya piano, kama kwenye maqamu ya rasti au bayati, inasukumwa kwa nota ya jirani, na taarabu ndo ishaharibika hapo. Mimi ningerikodi, nipunguze kasi, niandike kwa sikio. Alama za robo sauti MuseScore inazo. Ukikwama nenda DCMA, chuo cha muziki cha Zanzibar, ganuni wanaisomesha.