Nimekata tiketi sebuleni Mbeya mwaka wa saba sasa, haya ndiyo niliyoyaona

Kamwene dada wa Iringa. Umeuliza kama mwalimu mwenye laptopu, simu nzuri na akiba ya milioni mbili anaweza kuanza uwakala wa safari akiwa nyumbani kwake Kihesa, na kama watalii wanaokwenda Ruaha watatosha kumlipa. La kwanza, ndiyo, inawezekana. Mimi nafanya kazi hii nyumbani, Nzovwe, na ndiyo inayosomesha wanangu. La pili, hapana, na hapo nitakaa kidogo maana ndipo wengi tunapopoteza mwaka mzima.

Mtalii wa Ulaya anayekuja Ruaha ameshalipia safari yake miezi mingi nyuma, kwa kampuni ya kwao au ya Dar. Wengi wanapanda ndege ndogo mpaka ndani ya hifadhi, hata Iringa mjini hawapiti. Nilipoanza nilikesha miezi minne natengeneza kurasa za Kiingereza zenye picha za tembo. Nilipata barua pepe tatu, mteja hata mmoja sikupata. Na miezi hiyo hiyo jirani yangu anayeuza vitenge Mwanjelwa alikuwa anakwenda Dar kila mwezi na Guangzhou, China, mara mbili kwa mwaka, tiketi anakatiwa na mtu wa Kariakoo ambaye hajawahi kumwona. Nilikuwa namtafuta msafiri mbali wakati ananunua nyanya kwenye meza moja na mimi.

Kwa hiyo kabla ya nembo na tovuti, chukua daftari uandike majina ya watu unaowajua wanaosafiri. Wafanyabiashara, wenye mgonjwa wa rufaa Muhimbili au India, wazazi wa wanafunzi wanaosoma nje, kwaya, vikundi vya wastaafu, walimu wenzako waliopangiwa huko wakati kwao ni Kagera au Mara. Mimi daftari langu la kwanza lilikuwa na majina 31. Tangu uwanja wa Songwe ufunguliwe Desemba 2012, mtu wa Mbeya anachagua kati ya basi la zaidi ya kilometa 800 mpaka Dar na ndege ya saa moja na ushee. Wengi wana uwezo wa hiyo ndege, hasa mtu akikata mapema. Wanachokosa ni wa kuwaambia bei inapanda lini, begi ni kilo ngapi, na ufike uwanjani saa ngapi.

Karatasi hazikuchukua muda nilivyoogopa. Jina la biashara nilisajili BRELA, namba ya mlipa kodi TRA, kisha leseni. Zingatia hapa: wakala wa safari na kampuni ya kupeleka watalii hifadhini ni shughuli mbili, kila moja na leseni yake ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Usikate tiketi leo halafu kesho ukajaza watu kwenye gari kwenda Ruaha kwa leseni ile ile. Mimi watu wa hifadhini nawaunganisha na kampuni yenye leseni na magari, wananipa kamisheni yangu.

Kuhusu IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani kinachosajili mawakala wa kutoa tiketi, usikate tamaa kwamba hujasajiliwa nacho. Usajili huo unataka dhamana ya fedha ambayo mtu wa sebuleni hana. Tunachofanya wengi ni kuwa wakala mdogo chini ya wakala mkubwa aliyesajiliwa: unaweka nafasi, yeye anatoa tiketi, mnagawana. Ndege za ndani unaweza kununua moja kwa moja kwenye mifumo ya mashirika yenyewe.

Sasa faida inatoka wapi? Usitegemee kamisheni ya ndege. Mashirika makubwa ya Marekani yalianza kuikatia kikomo mwaka 1995, na kufikia 2002 yalikuwa yameiondoa, na mengine mengi duniani yakafuata. Unatoza ada ya huduma, na unaitaja waziwazi. Mimi natoza elfu kumi kwa tiketi ya ndani, elfu hamsini kwa ya nje ikiwa na mabadiliko ya ndege njiani. Mwanzoni niliona aibu, nikawa naificha ndani ya bei. Mteja mmoja akafungua tovuti ya shirika, akaona tofauti, akaniuliza kwa upole, "Dada, hii elfu ishirini ni ya nini?" Sikuwa na jibu la kumtazama nalo usoni. Tangu siku hiyo naandika mistari miwili: nauli hii, ada yangu hii. Hakuna aliyewahi kuikataa.

Naomba nikusimulie kosa langu kubwa, maana ningependa wewe usilipitie. Mzee mmoja wa Tukuyu alikuwa anakwenda India kutibiwa moyo, anasindikizwa na binti yake. Hela ilitumwa kwa simu ya mtoto wake wa kiume. Ilikuwa saa mbili usiku, nauli inaisha muda saa nne, umeme umekatika na nina bando kidogo. Nikanakili jina kutoka kwenye ujumbe wa malipo. Baba na mtoto wana ukoo mmoja, na jina la kwanza la kijana linaanza na herufi ile ile ya baba yake. Sikuona. Siku tisa baadaye, usiku wa kuamkia safari, nikawa napitia pasipoti zao kwenye meza yangu, kidole juu ya kila herufi, nikafika kwenye jina la mzee nikasikia tumbo limekuwa la baridi. Tiketi ilikuwa ya kijana wake.

Ningeligundua siku ile ile, wakala mkubwa angeifuta bila hasara, maana tiketi kwa kawaida inafutika kabla siku ya kutolewa haijaisha. Baada ya hapo shirika halibadilishi jina la mtu kuwa la mtu mwingine. Nililipa adhabu na tofauti ya nauli, laki sita na elfu kumi, hela niliyokuwa nimetenga kwa ada ya shule ya mwanangu. Mzee alisafiri. Binti yake nilimweleza ukweli wote kwa simu saa saba usiku, na sijutii kumweleza.

Sasa sina tiketi ninayoitoa bila kuona picha ya ukurasa wa pasipoti, au kitambulisho kwa safari za ndani. Nikishapokea picha naangalia na tarehe ya mwisho, kwa sababu nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi sita mbele. Pasipoti mpya ni shilingi 150,000 na inataka muda, kwa hiyo ni heri mteja ajue wiki sita kabla kuliko siku sita. Halafu namsomea jina herufi moja moja kwa simu, naye anasema ndiyo. Huchukua dakika mbili.

Lingine ni hela ya mteja. Mtu akikutumia milioni na laki tatu asubuhi na tiketi inatoka jioni, kwa saa hizo simu yako itaonekana tajiri, na nyumbani kutakuwa na gesi imeisha. Fungua laini au akaunti ya pekee ambayo hela yako ya matumizi haiingii kabisa. Nimewaona wenzangu wawili wakifunga biashara kwa sababu ya jambo hili tu, na walikuwa wanajua kazi kuliko mimi. Na bei unayomtajia mtu iandikie saa: "hadi leo saa kumi jioni". Nafasi ikishikwa haina maana nauli imeshikwa, na hapo nimeshalipia tofauti kutoka mfukoni zaidi ya mara moja.

Ukitaka safari za vikundi, anza na watu wa huku huku. Hifadhi ya Kitulo ina maua kuanzia Desemba mpaka Aprili, na kuna wazee wa Mbeya mjini hawajawahi kuiona Bustani ya Mungu iliyo juu yao. Lakini maua yanakuja na mvua, kwa hiyo hakikisha gari ni la kupanda zile kona 57 za kutoka Chimala kwenda Matamba na dereva anaijua njia. Kwenu Iringa una Isimila, penye zana za mawe za kale, kilometa ishirini tu kutoka mjini, na Kalenga lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Ni safari ya siku moja, na shule zitakuelewa kwa kuwa wewe ni mwalimu.

Ualimu usiuache. Mwezi wangu wa kwanza nilikata tiketi nne, wa pili tatu. Mwaka wa pili ndipo simu ilianza kuita bila mimi kuomba. Milioni mbili zako zigawe: karatasi, mashine ndogo ya kuchapa, intaneti ya uhakika, na laki tano ziweke kabisa kwa ajili ya siku utakayokosea.

Swali lako la bima ya safari nitalijibu kesho jioni. Alfajiri nina abiria wanne Songwe, wawili ni mara yao ya kwanza kupanda ndege, nimewaahidi kuwapokea mlangoni.