Ubatizo wa Elizabeth Key

Mmeuliza wiki hii: je, imani iliwasaidia watumishi wa mikataba katika makoloni ya Uingereza kule Amerika? Mimi naanza na hati, maana ndiyo iliyoamua mambo. Mkataba uliandikwa mara mbili kwenye karatasi moja, kisha karatasi ikakatwa kwa mstari wa meno-meno. Kipande kimoja cha bwana, kingine cha mtumishi. Ukizuka ubishi, vipande vinakutanishwa: meno yakilingana, hati ni halali. Muda ulikuwa kwa kawaida miaka 4 hadi 7 bila mshahara, kulipia nauli ya meli. Ukipoteza kipande chako, umebaki na neno lako dhidi ya la bwana. Hapo sala itakutetea vipi?

Ningeishia hapo, lakini kuna kesi ya Elizabeth Key. Alizaliwa Virginia na mama Mwafrika. Baba yake, Thomas Key, alikuwa Mwingereza na mjumbe wa Bunge la koloni. Mwaka 1636 baba alimkabidhi kwa Humphrey Higginson, amtumikie kwa miaka 9 tu. Higginson alikuwa msimamizi wake wa ubatizo, na sharti lilikuwa kwamba akirudi Uingereza aende naye. Higginson hakutimiza sharti hilo. Elizabeth akaangukia mikononi mwa John Mottram, na miaka 9 ikapita kimya kimya. Mottram alipofariki mwaka 1655, wasimamizi wa mirathi wakamhesabu mtumwa.

Akashtaki. Wazee wa baraza la mahakama wakampa haki, upande wa mirathi ukakata rufaa, kesi ikafika Bungeni. Kamati ikatoa hoja tatu: baba yake ni mtu huru, na kwa sheria ya Uingereza mtoto hufuata baba; miaka 9 imekwisha; tena amebatizwa zamani na anaweza kuieleza imani yake vizuri sana. Iangalieni hiyo ya tatu. Halikutosha jina kwenye daftari la kanisa. Alichokijua na kukisema kwa kinywa chake kilihesabiwa. Julai 1656 akawa huru. Kamati ilitaka mirathi impe mahindi, nguo, na fidia ya muda aliotumikishwa kupita kiasi. Mwezi huohuo akaolewa na William Grinstead, aliyemtetea mahakamani.

Kwa hiyo nabadili jibu: ilisaidia, tena iliwatia mabwana hofu. Mwaka 1662 Virginia ikaamua mtoto afuate hali ya mama. Mwaka 1667 ikaamua ubatizo haumtoi mtu utumwani, na sheria yenyewe ikaeleza kwamba mabwana wakiondolewa shaka hiyo watajitahidi zaidi kueneza Ukristo. Nani huziba mlango usiopitika?

Ila nasema hivyo kwa tahadhari. Elizabeth alikuwa na baba mwenye jina, mashahidi waliokumbuka ile miaka 9, na mtetezi. Binti wa mtumwa aliyezaliwa mwaka 1668 angeweza kuieleza imani kwa ufasaha uleule, na mahakama isingekuwa na haja ya kumsikiliza.